Fomu Niliyoishona

Wazazi wenzangu, hasa nyinyi akina mama ambao mtoto akipiga chafya mara mbili mmeshavaa viatu vya kwenda hospitali, haya nayaandika kwa ajili yenu. Mimi niliishia shule ya msingi, na tangu nimalize, kalamu yangu imekuwa chaki ya kuchorea vitambaa. Kwa hiyo mnivumilie. Lakini msome mpaka mwisho, maana kosa nililofanya hata aliyefika chuo anaweza kulifanya.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka langu: cherehani ya kukanyaga karibu na dirisha, meza ya kukatia, na sare za shule zimening'inia ukutani kama darasa lisilo na vichwa. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki yupo, wiki hayupo. Tulijaliwa watoto wawili. Wa kwanza, wa kiume, homa ilimchukua akiwa na miaka minne, kwa siku mbili tu. Siku ya kwanza nilisema tungoje asubuhi. Sitaeleza zaidi ya hapo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi tangu siku ile kila kitu kwangu ni ung'ongo.

Tukabaki na binti. Ana miaka kumi na mmoja, na mtaa mzima unamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupoi. Anaongea akila, anaongea akipiga mswaki na povu linamtoka. Akirudi shule hukaa chini kando ya cherehani yangu. Mimi nashona, yeye ananifumulia mishono niliyoikosea, kwa ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja, bila kuchana kitambaa. Nilimfundisha mwenyewe. Likumbukeni hilo.

Mwaka huu shuleni kwao alikuja mwalimu mpya wa sayansi, kijana mrefu, anavaa mabuti hata siku za jua kali. Watoto wakamwita Mwalimu Mabuti, naye akaitikia. Mwalimu huyu aliamini kwamba mtoto hawezi kulijua jani kwa kuchorewa jani ubaoni. Basi Ijumaa moja Chiriku akaingia mbio na fomu mkononi.

"Mama, tunakwenda mlimani! Darasa zima, kwa miguu! Tutahesabu mimea, tutasikiliza sauti, tutapima..."

"Mlima gani?"

"Ule wa ng'ambo ya kijito. Mwalimu anasema mlima ni darasa lisilo na kuta."

"Kuta ziliwekwa ili watu wasianguke," nikamwambia.

"Mama! Asiyekwenda anakosa alama za zoezi."

Nikampigia simu baba yake. Akasema, "Mwache mtoto aende. Mlima wenyewe mbuzi wanaupanda."

"Mbuzi wana miguu minne."

Akacheka, akasema barabara mbele yake ina kona, akakata. Huyo ndiye mume wangu: kona zake haogopi, nami ninaziogopa kwa niaba yake.

Nikaisoma fomu mara tatu. Chini ya mahali pa sahihi paliandikwa: Je, mtoto ana tatizo lolote la afya? Nikaona mlango wa nyuma. Nikimkatalia, atalia na alama zitapotea. Nikimruhusu, atapanda. Lakini akienda kama mgonjwa, ataenda na hatapanda. Nikaandika kwa herufi kubwa nzuri: ANA UGONJWA WA MOYO. ASIPANDE MLIMA. ASIKIMBIE. ASIINGIE MAJINI. Nikatia sahihi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema anayebuni maradhi humuumbua nani. Nitawaambia mimi.

Sikutaka Chiriku aone. Bahasha sikuwa nayo, cherehani ilikuwa mbele yangu. Nikaikunja ile fomu katikati, nikaipitisha chini ya sindano, nikashona pande zote tatu zilizo wazi kwa uzi mweupe. Nikajisifu: hapa hafungui mtu bila kuchana.

"Mbona umeishona?" Chiriku akauliza.

"Mambo ya watu wazima. Jumatatu mpe mwalimu."

Mwambie mtoto chungu kina siri, halafu mwachie chungu siku mbili nzima.

Jumamosi nyumba ikawa kimya. Jumapili ikawa kimya zaidi. Alikula bila neno, akafagia bila kuambiwa, akanikumbatia mgongoni nikiwa nakanyaga cherehani, akabaki hapo. Mimi, mjinga wa kutupwa, nikamwambia jirani, "Binti anakua. Ametulia siku hizi."

Safari ilikuwa Alhamisi. Mwalimu aliomba wazazi wawili wa kusaidia kuwaangalia watoto, na wa kwanza kuinua mkono nilikuwa mimi, kana kwamba ule uongo haunitoshi. Wa pili alikuwa kinyozi wa barabara ya sokoni, ambaye binti yake ni rafiki wa Chiriku, anaitwa Mapengo kwa sababu ya meno ya mbele yaliyong'oka. Nilifika getini na sweta mbili, mwavuli, mayai ya kuchemsha, bandeji, na dawa ya kuungua.

"Shemeji, unatembea au unahama?" kinyozi akaniuliza.

"Utaniomba bandeji wewe."

"Na dawa ya kuungua je? Huko juu tunakwenda kuchoma nini?"

Watoto wakacheka. Chiriku hakucheka. Mwalimu Mabuti akanivuta pembeni, faili lake la fomu kwapani.

"Mama, nimesoma. Pole sana," akasema kwa sauti ya chini. "Mtabaki chini naye. Na mfuko wa huduma ya kwanza nitauacha kwenu, maana wenye kuuhitaji zaidi ni nyinyi."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Neno lilifika kooni, likaona watu wamejaa, likarudi. Nikasema, "Asante, Mwalimu."

Tukatembea saa nzima, tukavuka kijito kwenye daraja la magogo mawili, mimi nimemshika Chiriku mkono mpaka vidole vyake vikawa vyeupe. Ng'ambo, mwalimu akawapa kila watoto wawili kamba, wakaiweka chini iwe mraba, wakahesabu kila kilichoota ndani yake. Mahali ambapo mimi ningesema ni majani tu, walikuta mimea ya aina kumi na saba. Kisha akawaambia wakae dakika tano bila kusema, waandike kila sauti wanayoisikia. Nilidhani hawataweza. Waliweza. Mimi mwenyewe nilisikia maji yakipita chini ya mawe, na nikafikiria kwamba miaka mingi sijasikia kitu ambacho si cherehani au hofu yangu.

Mwalimu akakusanya karatasi, akasoma chache. "Ndege wa aina tatu. Upepo. Kinyozi anakohoa." Kicheko. "Nyuki. Kinyozi anakohoa tena." Halafu akafika kwenye karatasi moja. "Chiriku ameandika kitu kimoja. Moyo wangu."

Akanitazama, akatazama kwingine haraka. Mimi nikainamisha kichwa nikapanga mayai.

Zoezi la mwisho lilikuwa hilohilo la moyo. Kila mtoto aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, ahesabu mapigo kwa dakika moja kabla ya kupanda, kisha ahesabu tena kileleni, kisha tena baada ya kupumzika. "Moyo ukifanya kazi hupanda," mwalimu akasema, "ukipumzika hurudi. Leo mtauona ukifanya hivyo." Akapuliza filimbi. Kimya. Akapuliza tena. Wakataja hesabu zao kwa zamu. Mapengo themanini na nane. Wengi tisini, tisini na kitu. Chiriku akasema kwa sauti ndogo, "Mia na kumi na nane."

Wenzake wakageuka wote.

Wakajipanga kupanda. Nikamwona Chiriku anamwita Mapengo, anamkabidhi kasha lake la kalamu za rangi, zile ambazo hata mimi siruhusiwi kuzigusa.

"Nikurudishie lini?" Mapengo akauliza.

"Kaa nazo tu. Mimi sitazihitaji."

Nikadhani anamwazima achore kule juu. Nikaona nina binti mkarimu.

Wakapanda, sauti zao zikapotea kwenye vichaka. Tukabaki wawili kwenye jiwe, na mfuko wa huduma ya kwanza, na faili ambalo mwalimu aliniachia lisimsumbue njiani. Nikalifungua nipate tu kitu cha kushika. Fomu yangu ilikuwa ya juu. Mwalimu alikuwa ameichana kwenye kunjo, kwa hiyo mishono yote ilikuwa bado ipo.

Haikuwa mishono yangu.

Cherehani yangu hutoboa vitundu vidogo vinavyofuatana, na uzi hupita kila kitundu. Hapa vitundu vilikuwa vyangu, lakini uzi uliruka: kimoja kina uzi, viwili vitupu, kimoja kina uzi. Bandi, mshono wa kushikiza kwa mkono. Na mwishoni fundo la mara mbili, fundo ninalomfundisha anayekaa kando ya cherehani yangu, na aliyewahi kukaa hapo ni mmoja tu.

"Ulifumua," nikasema.

"Nikashona tena." Hakunitazama. "Sikuichana hata kidogo."

Maji ya kijito yaliendelea.

"Mama, kaka naye alikuwa na moyo kama wangu?"

Mtanisamehe, wazazi wenzangu, lakini nimeahidi kusema yote. Kitu cha kwanza kilichonitoka kilikuwa uongo mwingine. Nilisema, "Usijali mwanangu, utapona."

Akatikisa kichwa polepole kama bibi kizee. "Lini?"

Hapo nikapiga magoti mbele yake, kwenye kokoto. "Chiriku, nisikilize. Huna ugonjwa. Hujawahi kuwa nao. Kaka yako ilikuwa homa. Mimi nilidanganya kwa sababu niliogopa huu mlima."

Nilingoja alie, au anipige, au acheke. Akanipapasa bega.

"Unasema hivyo ili nisiogope."

"Haki ya Mungu, nasema kweli!"

"Kwa mwalimu uliandika, ukatia sahihi. Mimi unaniambia kwa mdomo tu." Akaonyesha fomu kwa kidole. "Na ukaishona ili nisione. Mtu hashoni uongo, Mama. Mtu anashona siri."

Kila neno nililolifikiria lilikuwa neno ambalo mama wa mgonjwa angelisema vilevile. Ninawaambia ili mjue: ukweli ukija nyuma ya uongo, huvaa nguo zilezile, na mtoto hawezi kuvitofautisha.

"Na mapigo je?" akasema. "Mia na kumi na nane. Mapengo themanini na nane. Sote tulikuwa tumekaa."

"Ni kwa sababu unaogopa. Mtu akiogopa, moyo unakimbia hata akiwa amekaa."

"Umejuaje?"

"Mimi naogopa kila siku."

Nikamnyooshea mkono. "Weka vidole. Hesabu wangu."

Simu yangu ni ya vitufe, haionyeshi sekunde. Tukaishika baina yetu tukangoja namba ya dakika ibadilike, akaanza kuhesabu, midomo inacheza, mpaka namba ikabadilika tena.

"Mia na ishirini na moja," akasema. Akakunja uso. "Umenizidi."

"Mwalimu amesema moyo hufanya nini?"

"Ukifanya kazi hupanda. Ukipumzika hurudi."

"Basi twende tukaone kama wako unarudi."

Kipimo cha daktari si hicho, najua. Lakini sikuwa na kingine, na mdomo wangu ulikuwa umeshafilisika. Akanitazama, akautazama mlima. "Na nikifa njiani?"

"Nitakuwa nyuma yako," nikasema, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Nikabeba mfuko wa huduma ya kwanza begani, nikaacha mwavuli, nikaacha mayai. Alipanda kwa hatua za mtu anayebeba maji kichwani. Nami nyuma yake nilikuwa nahesabu kila jiwe lililolegea. Kwenye kona ya kwanza tukakaa. Simu, namba, vidole. Wake mia na arobaini na mbili. Akageuka rangi.

"Ngoja," nikamwambia. "Sasa upumzike."

Dakika tano ni ndefu kuliko mnavyofikiri. Alishika kifundo chake muda wote kama mtu aliyeshika ndege. Tukahesabu tena. Akamaliza, akahesabu upya bila mimi.

"Tisini na sita," akasema. "Mama, umerudi. Umeshuka hata kuliko nilivyokuwa pale chini." Kisha akanishika wangu. Akahesabu. Kinywa kikaanza kumcheza pembeni. "Wewe bado uko mia na thelathini na tatu! Mama, mgonjwa ni wewe!"

Akacheka. Siku sita sijausikia ule mcheko. Nikataka kulia nikaona nitaharibu, nikasema tu, "Haya, niandikie fomu."

Tulipanda mpaka kona ya tatu, na kufika hapo alikuwa ameshanieleza kuhusu mimea kumi na saba, yote, kwa umbo la jani. Kileleni hatukufika. Tulikutana na wenzetu wanashuka, kinyozi mbele amembeba Mapengo mgongoni. Goti la mtoto lilikuwa limefungwa kwa taulo la kinyozi, na taulo lilikuwa limelowa damu.

"Jiwe lilimkata," mwalimu akasema, anahema. "Bora mmeleta mfuko..." Akamwona Chiriku, jasho linamtoka, mashavu yanang'aa. "Mama! Mgonjwa wako anapanda mlima?"

Watoto thelathini na tatu wakasimama kwenye njia nyembamba. Safari hii neno halikurudi. Nikasema, huku nikisafisha lile goti, "Si mgonjwa. Niliandika uongo, nikakuacha bila mfuko."

Mwalimu Mabuti aliponijibu hakupaza sauti. "Huko juu nimezunguka na mtoto anavuja damu, nasaka kitambaa safi. Na mfuko uko chini unalinda ugonjwa wa kwenye karatasi."

Maneno yale niliyastahili. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba kinyozi, mtu wa maneno, hakunitania. Alishika mguu wa mwanawe nifunge bandeji, akasema "asante" kama anavyomwambia mteja asiyemjua.

Mapengo akatoa kasha la rangi. "Chukua basi. Si umesikia huumwi?"

Chiriku akalisogeza nyuma. "Kaa nazo kwanza. Daktari hajasema."

Mnaona? Mapigo yalirudi, imani yake kwangu mimi mamake haikurudi.

Jumatatu nilimpeleka zahanati. Daktari alikuwa mama mtu mzima, akamsikiliza kifuani, mgongoni, akampima kila alichoweza kupima. Akasema moyo ni mzima kabisa. Chiriku akauliza kwa heshima zote, "Daktari, mama akitoka nje, utasema hivyohivyo?"

Daktari akanitazama. Nikatoka mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi la nje baina ya mtu mwenye kikohozi na mtoto mwenye jipu, na sijawahi kuona mlango mzito kama ule. Alipotoka alikuwa na karatasi imeandikwa, ina sahihi, ina muhuri. Aliiomba yeye. Akapitia kwa kina Mapengo na kuchukua rangi zake jioni ile ile.

Mlima nao haukuwa na kosa. Alama za zoezi alipata, na mpaka leo akiona kamba yangu ya kupimia anaiweka chini iwe mraba, ahesabu kilichomo hata kama ni vipande vya nyuzi. Kinyozi ilimchukua mwezi mzima kuanza kunitania tena, na siku aliponiuliza kama mkasi wangu una cheti cha daktari nilifurahi mno.

Muhula huu fomu nyingine imekuja. Wanakwenda bwawani kuangalia ndege. Bwawani, yaani majini. Nimeiandika mezani yeye akiwa amesimama kando yangu. Tatizo la afya: hakuna. Nikatia sahihi. Akaisoma mara mbili, mbele na nyuma, kisha akaniwekea vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye saa ya ukutani.

"Mia na nne," akasema. "Na umekaa tu. Mama, umeandika kweli?"

"Nimeandika kweli. Naogopa tu."

Akafikiri. "Haya," akasema.

Akaenda nayo hivyo hivyo, haikukunjwa, ameishika mkononi, na mimi nikasimama dirishani nikaiona ikipepea mpaka alipokata kona.